Jinsi dada yangu mfanyakazi wa ndani alivyomchagulia binti yangu chuo cha uhandisi

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji wa kimya, huu ndio uzi wangu wa kwanza. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana kwenye kisa hiki mjinga ni mimi mwenyewe.

Miaka ile ya 2010 watu walipokuwa wakimiminika Saudia, na mimi nilikuwemo. Fundi AC, jengo la maofisi pale Olaya, Riyadh.

Dada yangu, Da Mwanaidi, alinitangulia. Alianzia Jeddah, kisha akahamia Al-Malqa, huku huku Riyadh, kazi za ndani kwenye jumba la ghorofa tatu. Shule aliishia la saba. Kumbukeni hilo.

Binti yangu Salma akamaliza form six kule Tanga, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, ufaulu mzuri. Anataka uhandisi umeme. Mimi kifua mbele, kila niliyepanda naye lifti nilimsimulia, hadi wengine wakaanza kupita ngazi.

Vyuo vilikuwa viwili. Kimoja kipya, jirani na nyumbani, jina naliweka kapuni. Kingine kipo Mbeya, kwa basi unakata nchi kutwa nzima na zaidi.

Mke wangu alitaka cha jirani, na mimi pia. Nilikuwa sijamwona mtoto miaka minne, angalau mama yake amwone kila wikiendi.

Halafu brosha yao, wakuu! Maabara zinang'aa, wanafunzi wamevaa kofia ngumu za njano, wote wanacheka.

Siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa nikamtumia dada ile brosha. Kwa heshima tu, maana shangazi ni shangazi. Nilichotegemea ni dua.

Akanipigia. "Mdogo wangu, hata mimi walinionyesha picha ya nyumba kabla sijapanda ndege."

Hapa nieleze kidogo. Nyumba yake ya kwanza Jeddah aliambiwa ina watu wanne. Alikuta kumi na mmoja.

Alipotoka nyumba hiyo, wanawake wenzake wa kazi za ndani waliokuwa wakikutana Ijumaa kwenye duka moja mtaa wa Ghulail, pale pale Jeddah, wakamfundisha utaratibu wao. Ukiitiwa nyumba, usimuulize wakala wala madam. Omba kuongea na dada wa kazi aliyemo ndani. Na usimuulize kama watu wale ni wema, maana huenda anasikilizwa. Muulize jana alikula saa ngapi. Hata akinyamaza, umeshajibiwa.

Hivyo ndivyo alivyoipata nyumba ya Al-Malqa, na alikaa miaka.

Basi akaniagiza nitafute namba ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, uhandisi umeme, kila chuo. Nikamwambia dada, mambo ya chuo si mambo ya kufagia. Mpaka leo nikikumbuka nilivyotamka vile naona aibu.

Hakukasirika. Akasema yalla, haya, tafuta namba, dirisha linafungwa.

Nikahangaika kwa watu, nikazipata. Kesho yake tukaunganisha simu watatu.

Kijana wa chuo cha jirani alikuwa mstaarabu sana. Dada akamsalimia, akamuuliza kwao wapi, halafu: "Mwanangu, jana umeshika nini kwa mikono yako?"

Kijana akasema kalamu.

Na wiki iliyopita? Kalamu. Vifaa vimefika, akaeleza, ila bado vimo kwenye maboksi, na mwenye ufunguo wa karakana amesafiri.

Dada akamshukuru, akamwombea heri. Simu ya kijana ilipokatika akaniambia neno moja tu: "Mafi." Yaani hakuna kitu.

Wa Mbeya alikuwa msichana. Akaulizwa lile lile. Akakiri kwamba jana ameunguza mota. Mwalimu kamwambia hapati alama mpaka asuke upya nyaya zake mwenyewe, na vidole vinamuuma. Akalalamikia na maji ya hosteli, na baridi.

Da Mwanaidi alicheka mpaka nikatoa simu sikioni. "Halas, imekwisha. Mpeleke mtoto akaunguze vitu."

Wakuu, mimi ni fundi. Mtu ambaye hajawahi kuunguza kitu simpi hata bisibisi, hilo nalijua miaka yote. Lakini sikuuliza. Aliyeuliza ni mtu wa la saba, amesimama jikoni kwa watu anamenya vitunguu, simu kaibana kwa bega. Dada yangu nilikuwa nampenda siku zote, ila siku ile nilimheshimu upya.

Mke wangu alininunia mwezi mzima. Salma akaenda Mbeya, na wiki za mwanzo alilia kila nikipiga. Nikaanza kujilaumu. Siku moja nikajikuta namuuliza jana ameshika nini.

Akavuta kamasi, akaanza kunieleza habari ya transfoma. Hakunyamaza mpaka vocha yangu ikaisha.

Alipofika mwaka wa pili, namba ngeni za Saudia zikaanza kumpigia. Kumbe shangazi yake kagawa namba yake kwa wanawake wa Ghulail wenye watoto wanaomaliza form six. Salma anawajibu bila kupamba: maji ni shida, baridi ni kali, karakana iko wazi.

Mama mmoja akamuuliza yeye ni nani pale chuoni, ofisa wa udahili?

"Hapana mama," akamwambia. "Mimi ndiye niliyemo ndani."

Alinisimulia hivyo kwenye simu, na wakuu, nililia mtu mzima mimi, juu ya paa la watu, spana mkononi.

Kwa hiyo mwenye mtoto anayechagua chuo, brosha weka pembeni, tafuta aliyemo ndani.

Na wewe unayesoma uhandisi, chuo chochote, shuka hapo chini utujibu, kuna wazazi wanasoma: jana umeshika nini?