Mguu wa Kuazima

Kuna siku moja ya masika ninayoikumbuka kila ninaposikia gari likishusha gia, mwanangu, na tangu uliponitumia picha ya gari lako jipya, la viti viwili na gia za mkono, siku hiyo imekataa kutulia. Nakaa, nasimama. Natoka hadi uani, narudi. Chai imepoa mara mbili. Mvi zangu bado chache, lakini acha niseme la kizee, huenda miguu itakubali kukaa.

Nilikuwa kijana, dereva wa mfanyabiashara wa parachichi wa Mjimwema, pale Njombe. Alikuwa na gari la spoti kama hilo lako, lenye kitufe karibu na gia. Ukikibonyeza, kila unaposhusha gia injini inajiongezea mzunguko yenyewe, ilingane na mwendo wa magurudumu, na gari halishtuki. Madereva wa zamani waliifanya kazi hiyo kwa mguu: unagusa mafuta kidogo, kwa kipimo, kabla ya kuachia klachi. Mjomba wangu, aliyeendesha lori la viazi kutoka Mdandu miaka mingi, alinifundisha hivyo. Mimi nikanogewa na kitufe. Kwa miezi mitatu mguu wangu ulilala usingizi, na mlio wa gari ukanifanya nijione bingwa.

Macho ya mjomba yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuwa na pikapu moja kuukuu, na alishasema ataiacha mikononi mwa mpwa atakayefaulu mtihani wake. Niliitaka pikapu ile kuliko kitu chochote. Ningeacha kuendesha gari la watu. Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: anakaa pembeni yako, anafumba macho. Akigundua umebadili gia, umefeli. Ndivyo madereva wa viazi walivyopimana, maana mgongo, walisema, hausemi uongo.

Siku hiyo bosi aliniagiza nimpelekee gari Makambako. Pikapu ya mjomba ilikuwa kwa fundi hukohuko, akaomba lifti.

"Kamwene, mjomba," nikamsalimu. "Kwa nini usinipime leo, humu humu?"

"Humu kwenye kiatu cha bosi wako?" Akacheka, akikunja magoti kuingia. "Haya. Gari ni gari."

Kidole changu, mwanangu, kilikwenda kwenye kitufe kabla sijakiamuru. Milima na mabonde yote nilipandisha gia, nikashusha, naye kafumba macho kama yuko kwenye sala. Tulipofika akafumbua.

"Mpwa wangu, nimesafiri kama mtoto aliyebebwa mgongoni." Akanikabidhi ufunguo wa pikapu mbele ya fundi. "Huyu ndiye. Mguu wake una masikio."

Neno moja lingetosha. Mjomba, haukuwa mguu wangu. Lilikuja hadi kwenye meno, nikalimeza.

Gari tukamkabidhi bosi, tukarudi na pikapu tupu, manyunyu yakianguka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika nusu ya safari. Kwenye mteremko mmoja lori la mbao lilikuwa likijikokota mbele yetu. Nikashusha kutoka ya nne hadi ya pili, nikaachia klachi kama nilivyozoea, nikisubiri gari lijifanyie kazi. Pikapu haikuwa na msaada huo. Magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, nyuma yote ikaponyoka, dunia ikazunguka, na tukasimama ukingoni mwa mtaro tukitazama Makambako tulikotoka.

"Umeumia?" mjomba akauliza.

"Hapana."

"Asubuhi nani aliendesha?"

Nikamweleza habari ya kitufe. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wangu.

"Sogea."

"Mjomba, huoni!"

"Sioni, na najua kwamba sioni. Wewe hujui, na unajifanya unajua. Nani wa hatari zaidi? Haya, nisomee barabara."

Nikamsomea. Lori linakuja. Kona, kushoto. Ng'ombe, mjomba, ng'ombe! Alikwenda polepole hadi Njombe, na kila aliposhusha gia sikuhisi kitu.

Pikapu alimpa binamu yangu. Mimi nilijifunza upya mwaka mzima, na siku nilipofaulu kweli, mzee hakuwa tena na gari la kunipa. Alinishika mkono tu.

Basi sikia. Kitufe si dhambi. Kiwashe mvua ikinyesha, kiwashe ukichoka. Waliokibuni wana akili. Lakini mara mojamoja, barabara ikiwa tupu na kavu, kizime ujue mguu wako unajua nini. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Samahani kwa neno hilo, ndivyo wazee walivyolitamka. Na mtu akikusifu kwa kazi isiyo yako, mwambie palepale, sifa ikiwa bado mdomoni mwake. Ukisubiri kufika nyumbani, utakuwa umeshampakia mtu kwenye uongo wako, na yeye hajui.

Mungu akutangulie kwenye kona na kwenye mteremko, mwanangu. Akupe mguu mwepesi, na ulimi mwepesi zaidi wa kusema kweli. Kila apandaye nawe ashuke mzima.