Magonjwa Mawili katika Kichwa cha Mume Wangu

Baba mkwe wangu alianza kusahau kabla hajawa mzee, akafa hajui jina la mkewe. Kaka yake huyo baba mkwe vile vile. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kuniuliza kila mara kama mbuzi wamepewa majani, na mbuzi wanatafuna mbele yake, hakuna aliyeshangaa pale Kilema. Ukoo ulisema: ni ule ugonjwa wa kwao.

Lakini yeye akaongeza na lake. Aliona watoto wamekaa kwenye mibuni, miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na majirani wakawa wanaing'oa wapande nyanya. Hapakuwa na mtoto yeyote. Akaanza kuburuta miguu, mwili umekakamaa, mkono unatetemeka. Baba yake hakuwa hivyo mpaka anaingia kaburini. Hapo wifi yangu, mdogo wake wa kike, akapata la kusema.

"Baba alisahau tu," alisema mbele ya watu, amesimama mlangoni pa jiko langu. "Huyu anaona vitu. Umemtilia nini kwenye pombe yake ya mbege?"

"Ningejua dawa ya kumfanya mwanamume aone watoto," nikamjibu, "ningempa mumeo, awaone wale aliowatelekeza Mabogini."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na neno lake halikufa. Mume wangu alipofariki, wazee walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba matanga yakiisha nirudi kwetu, nikiache kihamba, shamba la migomba nililolilima tangu nilipoolewa.

Daktari wa hospitali aliyekuwa akimtibu akaomba autoe ubongo kabla hatujazika, apate kuutazama.

"Mtu azikwe nusu?" shemeji mkubwa alifoka.

Nikamwambia akili za ndugu yake zilishatangulia, kilichobaki acha kikatazamwe. Sharti langu lilikuwa moja: siku ya kuonyeshwa, wifi awepo.

Ubongo ulikaa dawani wiki nyingi mpaka ukakaza kama ini lililochemshwa. Ndipo tukaitwa. Wifi alikaa mbali nami. Daktari, kijana tu, alitupa shikamoo, akasema ameukata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu na kuvitia rangi. Mimi shule niliishia darasa la pili. Niliinama kwenye hadubini, nikaweka jicho.

Mungu wangu! Mle mlikuwa na nchi nzima. Madoa meusi yametapakaa kama kutu kwenye majani ya kahawa, na katikati yake nyuzi zimejisokota.

"Ni protini," alisema daktari. "Ubongo wenyewe huzitengeneza, halafu ukashindwa kuzisafisha. Huu ndio ugonjwa wa kusahau, na kwenu nadhani mnaurithi."

Akabadilisha kipande. Sasa ndani ya seli niliona viduara vya waridi, kila kimoja kimezungukwa na weupe. Vilikuwa vizuri, Mungu anisamehe.

"Hii ni protini nyingine kabisa. Huleta kutetemeka na kuona vitu. Ni magonjwa mawili, mama, yamekaa kichwa kimoja."

"Nani aliyeuweka huo wa pili?" wifi akauliza.

"Hakuna. Umeota humo humo. Mara nyingine huandamana na ule wa kwanza. Kwa nini baba yenu hakuonyesha dalili zake, sijui."

Nililala mto mmoja na kichwa kile tangu usichana wangu. Nilikinyoa, nilikigombeza, nilikilisha. Kumbe ndani yake hayo yote yalikuwa yakiota kimya, kila moja kwa namna yake!

Wifi aliweka jicho. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na mimi niliyezaliwa naye?"

"Unaweza kuwa nao, unaweza usiwe nao. Hata watoto wa mama huyu. Hapa hatuna kipimo cha kukwambia."

Siku ya kikao cha ukoo cha kuamua kihamba, nilijiandaa kujitetea. Wifi akasimama kabla yangu. Alikuwa na mabinti wasioolewa, na kwetu nyumba ikisemwa ina ugonjwa wa kurithi, wachumba hupita njia nyingine.

"Nimeona kwa jicho langu," alisema. "Ni magonjwa mawili, na yametoka mwilini mwake mwenyewe. Wifi yangu huyu hakumtilia kitu. Kihamba ni chake."

"Kaa chini!" shemeji alimkemea. "Unatuharibia mabinti."

"Mabinti nimezaa mimi, kaka. Kaa wewe."

Shemeji akakaa.