Kiti Kilichomng'ang'ania Bibi

Saa mbili asubuhi, Mama Msasa, fundi wa viti vya ngozi, amepiga magoti mbele ya kiti cha ngozi ya kahawia. Anachovya kitambaa cheupe kwenye beseni la maji ya sabuni, anakikamua mpaka kinabaki na unyevu kidogo, kisha anafuta mkono wa kiti. Kitambaa kinatoka na rangi ya chai.

"Huu si uchafu," anamwambia mwandishi wa habari hii bila kugeuka. "Uchafu uliisha jana. Haya ni mafuta."

Meza imesukumwa ukutani, zulia limekunjwa, feni inazunguka kwa kulalamika. Mlangoni amesimama mwenye nyumba, mwalimu wa chekechea, simu mkononi. Mama yake mzazi anaruhusiwa kutoka hospitalini leo. Atafika baada ya chakula cha mchana, na hiki ndicho kiti chake.

Kwa sura, kiti chenyewe hakina la kujivunia. Kimepauka, kimepasuka-pasuka pale kichwa kinapoegemea, na mguu mmoja umewekewa kipande cha ubao. Lakini ukivuta kijiti cha chuma kilicho ubavuni, egemeo linashuka nusu na miguu inainuka. Bibi ana moyo dhaifu, na akilazwa kitandani hukosa pumzi. Kwa hiyo hukaa hapo mchana, na hulala hapo usiku.

Shida ni kwamba kiti kilianza kunata. Mwezi uliopita mwalimu alimwinua mama yake kumpeleka msalani, mkono wa bibi ukabaki umeganda kwenye kiti. Ngozi ya mtu wa umri ule ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Ilichubuka kutoka kwenye kiwiko kwenda chini, kidonda kikaingia uchafu, homa ikampanda.

"Hakupiga kelele," anasema mwalimu. "Alisema tu, 'Mwanangu, ngoja.' Mimi nilikuwa nishavuta."

Walijaribu kutandika shuka, bibi akawa anateleza nalo mpaka kidevu kinagusa kifua. Wakajaribu taulo, likajikunja na kumchoma mgongoni. Kiti kipya cha namna hii kinataka mishahara ya mwalimu ya miezi mitano. Malipo ya Mama Msasa hayafiki hata robo ya mshahara mmoja, na ndiyo maana amepigiwa simu yeye.

Siku ya kwanza fundi aliuliza swali ambalo huwauliza wateja wote: mmekipaka nini? Mwalimu akataja kwa fahari. Kila jioni, akishamaliza kumpaka mama yake mafuta ya mgando, alikuwa akikipaka na kiti, kutoka kopo hilohilo, kwa kiganja hichohicho. Aliona kimekauka, akakihurumia.

"Nilidhani nakitunza," anasema sasa, na uso umemshuka.

"Wengi hudhani hivyo," Mama Msasa anamjibu. "Kuna mmoja alikipaka siagi. Paka wake hakubanduka pale wiki nzima."

Mwalimu anacheka kidogo, kisha anatazama tena simu.

Mafuta, anaeleza fundi, hayaishii juu. Yakichanganyika na jasho yanalainisha lile tabaka jembamba linalokinga ngozi ya kiti, na tabaka likishalainika ndilo linalonata. Kwa hiyo jana alisafisha, akafuta kwa spiriti, akakwangua taratibu kwa msasa laini mpaka tabaka bovu lote likatoka, akaziba nyufa na kurudishia rangi. Kazi ya leo ni kutoa mafuta yaliyochuruzika usiku kutoka ndani, kisha kupaka tabaka jipya la juu. Lazima liwe jembamba na likauke sawasawa. Likiwa nene mahali pamoja tu, hapo patanata kuliko mwanzo.

Kazi hii aliianzia kwenye karakana ya viti vya magari, akiwa mwanamke pekee. Alipewa kona ya kusafisha ngozi kuukuu kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Glavu zilikuwepo, ila zote zilikuwa za mikono ya wanaume.

"Nikizivaa, vidole vinaogelea," anasema. "Nikidondosha kitu, wanacheka. Nikaona afadhali mikono mitupu. Nikajikaza hivyo miaka minane."

Alipoacha karakana na kuanza kuzunguka majumbani, aliacha na tina. Leo hutumia sabuni, spiriti kidogo na dawa za maji. Lakini tina ilikuwa imeshachukua chake. Kuna jambo ambalo mwalimu halijui, wala mume wa Mama Msasa halijui: vidole vya fundi huyu havina hisia. Kuanzia ncha hadi viungo vya katikati, mikono yote miwili, vimekufa ganzi.

Aligundua siku alipoipua sufuria jikoni bila kitambaa na kuifikisha mezani salama salimini. Mumewe alimsifu kwa ukakamavu. Yeye alikwenda bafuni, akafunga mlango na kulia.

Tangu hapo amekuwa akitumia shavu. Akitaka kujua kama kiti kimekauka, anainama na kulilaza shavu juu yake, macho ameyafumba. Wateja hudhani ananusa. Yeye huwaacha wadhani hivyo, maana fundi wa kuondoa unato asiyeweza kugusa unato, nani atamfungulia mlango?

Saa nne na nusu anamaliza kupaka mkono wa kushoto wa kiti, anahamia wa kulia. Sponji inapita kwa mipigo mifupi. Anawasha mashine ya kukaushia nywele, anaipitisha huku na huku kwa mbali. Kazi inaendelea vizuri, na mwalimu ameanza kupika.

Saa tano umeme unakatika.

Mashine inanyamaza mkononi mwake. Feni inazunguka mara chache zaidi kwa mazoea, nayo inasimama. Nje mawingu yameshuka, hakuna upepo, na joto linaingia sebuleni na kujikalia kama mgeni asiyeaga. Jasho linamtoka fundi usoni, anafuta, linatoka tena.

Anainama na kulaza shavu kwenye mkono wa kulia wa kiti. Shavu linanata. Anajifuta kwa ukingo wa kanga, analaza tena, linanata. Analilaza kwenye mlango wa mbao, nako linanata. Uso umelowa jasho, kila anachokigusa kinamshika. Shavu nalo limemsaliti.

Anabonyeza kiti kwa vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kana kwamba kimoja kati yao kitamwonea huruma. Ni sawa na kubonyeza kwa vijiti.

Simu ya mwalimu inalia. Ni kaka yake: daktari amepita mapema, wameshampakia bibi kwenye gari, wako njiani.

"Njiani wapi? Mmesema mchana!" Mwalimu anaingia sebuleni mwiko ukiwa bado mkononi. "Mama Msasa, wanakuja. Kimekauka?"

Hapo ndipo fundi anapokwama. Jibu linalotakiwa ni neno moja, na tayari liko mdomoni. Kwa macho, kiti kinapendeza. Wiki chache zilizopita, kwenye nyumba nyingine, alilitamka neno hilo bila uhakika, na shati la mteja likagandia kwenye sofa na kuchanika. Alirudi, akarekebisha bure, yakaisha. Shati huwa linashonwa.

"Mama Msasa? Kimekauka?"

"Sijui," anasema.

"Hujui vipi? Si uguse!"

"Nimegusa, mwalimu. Vidole vyangu havisikii." Anavinyoosha mbele yake kama mtoto anayekaguliwa kucha. "Vimekufa. Nilikuwa natumia shavu, na shavu limelowa jasho. Nakuomba uguse wewe."

Mwalimu anavitazama vidole. Mwiko unadondosha mchuzi sakafuni.

"Yaani siku mbili," anasema kwa sauti ya chini, "siku mbili uko kwenye kiti cha mama yangu na vidole havisikii, na umekaa kimya?"

"Nimekaa kimya."

"Nimekuonyesha picha ya kidonda chake!"

"Umenionyesha."

"Ungeniambia jana ningemtafuta mwingine."

"Ndiyo maana sikukuambia," anajibu Mama Msasa, na machozi yanamlengalenga. Hajitetei zaidi ya hapo. "Nifukuze ukitaka, lakini kwanza gusa. Anakuja."

Mwalimu anaweka mwiko chini na kupapasa kiti kwa hasira. Sehemu ya kukalia: kavu. Egemeo: kavu. Mkono wa kushoto: kavu, laini. Mkono wa kulia unateleza vizuri mpaka karibu na ncha, pale bibi anapolaza mkono. Vidole vya mwalimu vinasimama. Anavinyanyua, vinaachia kwa sauti ndogo, *tap*.

Wote wawili wameisikia.

"Nimepaka mara mbili hapo," fundi ananong'ona. "Sikuhisi sponji ikivuta."

Honi inapigwa nje.

Bibi anaingia akishikiliwa na mwanawe wa kiume, hatua kwa hatua, kifua kikipanda na kushuka. Mkono umefungwa bandeji. Anataka kwenda moja kwa moja kwenye kiti chake.

"Bado, mama," anasema mwalimu, akimzuia kwa viganja.

"Bado nini? Nimechoka."

Wanamketisha kwenye kiti cha mbao, mwanawe amesimama nyuma yake amempa tumbo la kuegemea. Pumzi za bibi zinajaza chumba. Kila moja inamfikia Mama Msasa mgongoni.

Anapiga moyo konde. Anadondoshea spiriti kwenye kitambaa, anafuta ile sehemu iliyojaa, anasimama. "Gusa, mwalimu." Mwalimu anagusa. "Bado inashika." Anafuta tena. "Gusa." "Kidogo." Tena. "Sasa imeachia." Anapaka upya, mpako mmoja mwembamba. Safari hii mwalimu ameshika sponji pamoja naye, mkono juu ya mkono, ili aseme inapoanza kuvuta. Kisha kila mmoja anachukua kipande cha boksi la katoni na kuanza kupepea.

Wanapepea mpaka mabega yanawaka moto.

"Hasira zako ziko wapi, mwalimu?" anauliza fundi, akihema.

"Zipo. Pepea."

Mwishowe mwalimu anajifuta mkono wake hadi ukauke, anaulaza wote kwenye mkono wa kiti, kiwiko mpaka kiganja, na kuukandamiza kwa uzito wake. Anasubiri. Anaunyanyua. Kimya. Anarudia mara tatu, na mara zote tatu ni kimya.

Wanamketisha bibi. Kijiti kinavutwa, egemeo linashuka, miguu inainuka, na pole pole kifua chake kinatulia. Mkono wake mwembamba umelala palepale kwenye ncha. Mama Msasa hawezi kuangalia pengine. Joto la mwili ndilo mtihani wenyewe, na chumba kizima kinausubiri.

Baada ya muda bibi anaomba maji. Anaponyanyua mkono kupokea glasi, unanyanyuka mzima, bila kuvutwa.

"Kimeniachia," anasema bibi, kwa mshangao.

Mwalimu anageukia ukutani. Fundi anakaa sakafuni.

Bibi, ambaye masikio yake hayana hitilafu na ameisikia kila "gusa, mwalimu" mpaka akaelewa, anamwita fundi. Anaushika mkono wake na kuanza kuuminya kuanzia kwenye ncha za vidole.

"Hapa?"

"Hapana, bibi."

"Na hapa?"

"Hapana."

Anapanda mpaka kwenye kiganja. "Hapa je?"

"Hapo ndiyo. Kwa mbali."

"Basi nenda hospitali kabla ya hapo napo hapajakufa. Mimi nimetoka huko, hawaumi."

Mama Msasa anacheka, na machozi aliyokuwa ameyazuia yanashuka. Anasema ataenda wiki hii, jambo ambalo amelikwepa kwa kuogopa kuambiwa aache kazi. Pia ameshapata glavu za saizi yake, zinauzwa duka la dawa, sehemu ya watoto. Na kuanzia sasa hatafunga kazi yoyote kabla mwenye kiti hajakipapasa kwa mkono wake mwenyewe.

Analipwa malipo yake yote. Mwalimu anamwambia bado amemkasirikia, na kwamba arudi mwezi ujao kukikagua.

Akikusanya vitambaa vyake, anaulizwa na mwandishi kama hilo la vidole liachwe nje ya habari hii. Anakunja kitambaa cha mwisho.

"Liandike. Ila nipe mpaka kesho, mume wangu alisikie kwangu kwanza."

Na wateja wakikimbia?

"Watakaokimbia, wakimbie," anasema, akitupia mfuko begani. "Atakayebaki, nitamwomba anigusie."