Viwavi vya Mkono wa Kushoto

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu kumi na tisa. Elfu saba za bodaboda, elfu nane za samadi, elfu nne za glavu ambazo hazikusaidia kitu. Nimejumlisha mara mbili, kwa sababu sikuamini kwamba mtu anayeuza mivumba, yaani nguo za mitumba, katika soko la Nateete na kugombania mia mbili kutwa nzima anaweza kutoa pesa kwa majani yanayojiotea mferejini.

Aliyeyataka ni mume wangu. Alikuwa askari, akalala misitu yote ya nchi hii akatoka mzima, kisha akastaafu na kiharusi kikamkuta nyumbani amevaa kandambili. Upande wa kushoto ukazima. Asubuhi nilikuwa namtoa nje, namkalisha kwenye kiti mbele ya ukuta wa jirani, halafu naenda sokoni. Siku moja akaniambia amesikia redioni kwamba ukipanda kiwavi, vipepeo watakuja kutaga.

"Ukuta huu nimeshausoma wote, mama. Niletee kitu chenye kutembea."

Kiwavi, kwa Kiswahili chake cha jeshini, ni yale majani yenye vinyweleo, ukiyagusa unawashwa mpaka unasahau jina lako. Nikaenda kwa mama mmoja Mkongomani anayeuza dawa za miti na vyakula vya kwao pale sokoni, nikamuuliza kama ana viwavi.

"Iko, dada. Kavu kabisa. Sahani elfu tano."

Akafunua beseni. Wadudu, weusi, wamekaushwa, tayari kwa kuungwa na mawese. Nilishapunguza bei mpaka elfu tatu ndipo nikakumbuka sikuja kununua mboga. Nilipomweleza ninachotaka, alicheka ameshika kiuno.

"Mume ndiye ameomba majani ya kuwasha? Dada, umemkosea nini?"

Yeye ndiye aliyenielekeza mferejini. Mtu wa boda alikataa kubeba gunia la majani yale mpaka nikamwongezea elfu mbili. Alisema mgongo wake haukuwa ndani ya bei.

Nilipanda kandokando ya ukuta, bwana akiwa kitini anatoa amri kama yuko gwaride. "Mstari unyooke. Wewe, mstari unyooke." Mikono yangu ilivimba mpaka jioni, naye akacheka kwa ule upande unaoweza kucheka.

Mvua ziliponyesha vipepeo wakaja, wadogo, rangi ya machungwa. Kisha wakatokea viwavi wale wengine, wadudu wenyewe, weusi wenye miiba, wakila majani kwa chini. Kila jioni ananipa idadi yao, nami nainama kuhesabu upya, maana hesabu ya muuzaji siipokei hivihivi. Hatukuwahi kupatana. Tuligombana juu ya wadudu wawili watatu mpaka chai ikapoa. Zilikuwa siku nzuri, na hapo sipunguzi hata senti.

Asubuhi moja nilisahau mfuko wa chenji, nikarudi. Nikamkuta ameuinua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, taratibu, kama anabeba mtoto wa watu aliyelala, akaulaza katikati ya majani. Akakaa anautazama.

"Afande, unafanya nini?"

"Nabisha hodi. Labda kuna mtu ndani."

Tangu siku hiyo nikawa namuuliza kila nikirudi kama inawasha. Mwanzoni alisema bado. Halafu jioni moja akasema, "Leo kidogo." Baadaye, "Leo imezidi jana." Na ushahidi nilikuwa nao: mgongo wa mkono umejaa vipele, vinene, vyekundu. Nilivihesabu, nikavirudia. Kesho yake nilimwuzia mteja koti kwa bei ya kwanza aliyotaja, mpaka yule mama Mkongomani akaniuliza nani amekufa.

Nesi anayekuja kumpima presha ndiye aliyemwambia afumbe macho. Akamdunga ncha ya pini kwenye mkono wa kushoto, mara kadhaa, huku mimi naona.

"Mzee, umesikia ngapi?"

"Kwani umeshaanza?"

Nikamsindikiza nesi hadi langoni. Akanieleza kwamba ngozi huvimba yenyewe, sumu ya jani inafanya kazi palepale, na kipele si dalili kwamba habari imefika kichwani. Nilirudi nikasimama mbele ya kiti.

"Mbona uliniambia inawasha?"

Alitazama ukutani. "Ulikuwa unarudi umechoka sana, mama. Nikakupunguzia."

Nimepunguziwa vitu vingi katika maisha haya. Hicho sikukiomba. Niliingia ndani nikamenya matoke, nikamenya mengi kuliko tunayoweza kula watu wawili.

Kesho yake akasema niyang'oe yote nipande sukuma, angalau tule. Alisema bila hasira, kama anayerudisha bunduki ghalani. Nikachukua jembe, nikafika kwenye mstari ule, nikashindwa. Akikumbuka huuliza kama nimeshang'oa, nami husema kesho. Vipepeo hatuwataji, wala mkono hatuutaji. Lakini kila nikirudi sokoni nikamvua shati nimwogeshe, vile vipele nakuta vipya.

Wewe uliyewahi kumuuguza mtu wa namna hii, naomba unishauri: niyang'oe kama anavyosema, au niyaache kwa ajili ya ule mkono?