Mratibu wa Chumba cha Nyuma

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pindo alikuwa mtu wa kelele. Darasa lake la ushonaji katika chuo cha jamii lilikuwa na cherehani kumi na mbili, na zikianza kukimbia zote kwa pamoja hata kengele ya kutoka haikusikika. Wanafunzi walimbandika jina hilo kwa sababu pindo lililokwenda upande alilitambua akiwa bado mlangoni. "Mwanangu," angeuliza, "hii sketi ina hasira na nani?"

Siku moja mkuu wa chuo alimwita ofisini, naye akatoka na cheo: mratibu wa ubunifu. Kazi yake ingekuwa kuwatia moyo walimu wajaribu njia mpya, kukusanya mawazo yao na kuyasimamia mpaka yafanye kazi. Darasa akapewa mwalimu mgeni. Yeye akapewa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya karatasi za mitihani, chenye dirisha linalotazama ukuta.

Nyumbani hakukuwa na wa kumsimulia. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na binti yake aliolewa mbali. Habari akampelekea mwalimu wa mapishi, rafiki aliyekunywa naye chai ya saa nne tangu walipoajiriwa.

"Hongera, dada. Sasa utatukumbuka kweli?"

"Acha utani wewe."

Mama Pindo alipita madarasani na daftari, akimuuliza kila mwalimu angependa kubadilisha nini. Haukupita muda, minong'ono ikaenea kwamba anaorodhesha wazembe ili awachongee kwa mkuu. Akiingia chumba cha walimu, mazungumzo yanakatika. "Jamani, mheshimiwa kafika," mmoja husema, na wote hucheka bila kumtazama. Siku moja akamwona mwalimu wa mapishi naye anacheka. Tangu hapo chai akawa anainywea chumbani kwake, peke yake.

Mwezi wa nne wa cheo kile, mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu wa uchomeleaji, mzee mfupi waliyemwita Fundi Cheche, akisukuma kiti cha magurudumu alichokalia mwanafunzi wa kike.

"Dada, nasikia kazi yako ni kusikiliza. Haya, msikilize huyu."

Miguu ya binti yule haikuwa na nguvu ya kukanyaga pedali, na mwalimu mgeni wa ushonaji alikuwa amemshauri akasome ukatibu.

"Mimi sitaki kuchapa barua za watu," binti alisema. "Nataka kushona."

Wakaanza siku ileile. Cheche alichukua cherehani ya umeme, akaiondoa pedali sakafuni na kuifunga juu ya meza, pembeni, ikandamizwe kwa kiwiko. Jaribio la kwanza lilikuwa balaa: ukigusa kidogo tu, kitambaa chote kimemezwa. La pili lilivunja sindano tano asubuhi moja. Mama Pindo akajifunga miguu kwa mtandio, akashona hivyo kutwa nzima, hadi mkono wenyewe ukamwonyesha kosa: pedali ilikaa juu mno. Cheche akaishusha vidole viwili, akaongeza springi. Cherehani ikatii.

Kazi ile ilichukua wiki sita, na wiki zote hizo Mama Pindo alikuwa akijikuta anaimba.

Binti alifaulu mtihani, akaenda kushona dukani kwa shangazi yake, na meza yake akaondoka nayo. Kabla hajaondoka, mkuu alileta wageni kuiona, akahutubia, wakapiga picha. Mwisho wa muhula Fundi Cheche akastaafu. Chumba kikanyamaza tena, na safari hii ukimya ulimuuma zaidi, maana alishaonja mengine.

Akaenda kwa mkuu. "Naomba nirudi darasani."

"Leo hii, wakati mambo yameanza kuiva? Nani atakaa pale, mama?"

Mama Pindo aliinuka. Akatoka, akapitiliza hadi jiko la mafunzo, akamkuta mwalimu wa mapishi anafuta meza.

"Mwenzangu, jina lako sijaliandika popote. La mtu yeyote sijaliandika."

"Najua. Nilijua tangu mwanzo."

"Sasa mbona ulicheka nao?"

"Niliogopa wataniweka fungu moja na wewe. Halafu siku zikapita, tukazoea." Akakikamua kitambaa. "Sasa hata sijui nianzie wapi."

Mama Pindo alisimama kidogo, akitumaini ataambiwa akae. Hakuambiwa. Akaaga.

Wiki iliyofuata, saa ya chai, mwalimu wa ufundi bomba alichungulia mlangoni, akatazama nyuma yake, ndipo akaingia. Alikuwa na mchoro uliokunjwa mara nne mfukoni.

"Nina wazo," alinong'ona. "Lakini wenzangu wasijue nimekuja huku."

"Hawatajua," Mama Pindo alisema, akamvutia kiti.