Pikipiki Iliyopakwa Chaki

Nakuambia haya kwa sababu wewe ni mtu ninayeweza kukaa naye na chai bila kuchagua maneno. Ukicheka, cheka tu. Mimi mwenyewe nimecheka mpaka mbavu zikauma. Lakini sikiliza mpaka mwisho, kwa sababu katika hiki kicheko kuna mtu mzima alikaribia kukosa kazi, na sababu ilikuwa mdomo wangu.

Mimi nashona nguo hapa Lodwar, yunifomu za shule na nguo za kwaya. Kila baada ya wiki mbili nafunga mzigo kwa pikipiki napeleka Kakuma. Ndiyo, naendesha mwenyewe. Niliingia masomo ya jioni nikiwa tayari na watoto watatu, na mwaka ule niliweza kuandika barua bila kusaidiwa ndio mwaka niliojifunza pikipiki. Baba watoto alisema, "Huyu sasa hatashikika tena." Na kweli, hajanishika.

Fundi wangu wa pikipiki yuko Kakuma. Ni mzee kutoka Kongo, ndevu nyeupe, anafanyia kazi chini ya turubai karibu na kanisa. Miaka mingi sijawahi kumlalamikia. Siku moja alinibadilishia klachi, akafungua kava ya ubavuni mwa injini, akaweka gasketi mpya ya kuzuia oili, nikarudi Lodwar. Wiki haijaisha, naona oili inavuja. Nilishuka kanisani na gauni langu jeupe la umoja wa akina mama, kumbe pindo lote jeusi kama mtu aliyetoka kusafisha sufuria. Nilikaa kiti cha nyuma ibada nzima, nimekunja miguu.

Nani aligusa hiyo injini mara ya mwisho? Mzee. Basi nikafunga kesi hapo hapo. Nilimwambia mwenye duka la vipuri. Niliwaambia wanakwaya. Nilimwambia hata mama anayeniuzia samaki, na yeye hana hata baiskeli.

Ingekuwa ni maneno ya njiani tu, yangepita. Lakini kanisa la Kakuma lilikuwa na pikipiki tatu za wainjilisti wanaozunguka Kalobeyei na Lopur, na walikuwa wanatafuta fundi mmoja wa kuzitunza zote. Huyu mzee alikuwa ameomba hiyo kazi. Akipewa, anapewa pia kibanda cha mabati kando ya ukuta wa kanisa, aachane na turubai ambalo upepo unalipeleka kila mwezi. Mwenyekiti wa akina mama wa kule akanipigia simu.

"Dada, wewe ndiye mteja wake wa siku nyingi. Tumpe?"

Nikamjibu, "Mkimpa, mtakuwa mnafuata alama za oili kutoka hapo mpaka Kalobeyei."

Alicheka. Lakini nilisikia anaandika. Kikao kilikuwa Jumapili inayofuata.

Huku Lodwar nilipeleka pikipiki kwa fundi mwingine. Akakaza nati za kava, akapaka gamu ya gasketi pande zote. Siku mbili kavu. Siku ya tatu oili ikatokea upande wa mnyororo. Akabadilisha sili ya pale, ule mpira wa kuzuia oili. Oili ikaanza kutoka kwa kifuniko cha kumwagia oili, kule juu. Baba watoto alikuwa anakunywa uji wake mlangoni, akaitazama.

"Hii pikipiki yako iko na malaria. Inatoka jasho kila mahali."

"Ni yule mzee aliiharibu."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Aha. Umemhukumu bila kumsikiliza. Na wewe ndiye unafundisha watoto neno la Mungu."

Hilo neno lilinichoma, sitaki kudanganya. Jumamosi asubuhi niliomba, nikafunga mzigo, nikabeba chupa ya oili, nikaenda. Njiani nilisimama mara mbili kuongeza. Lakini usifikiri nilikuwa naenda kutubu. Nilikuwa naenda kumwonyesha kosa lake kwa kidole, nipate ushahidi wa kupeleka kikaoni.

Kando ya turubai lake huwa kuna mama Mturkana anauza makaa. Akanisalimia, "Ejok!" nikamjibu, "Ejok noi." Mzee hakuinua kichwa haraka. Alimaliza kufunga nati aliyokuwa nayo.

"Karibu, mama. Nasikia jina yangu ilifika Lodwar mbele yangu."

"Nani alikuambia?"

"Kakuma iko kubwa, mama, lakini masikio yake ni moja tu."

Niliona aibu, lakini shingo ilikuwa bado ngumu. Nikamwambia ni kweli, nimesema, na sababu ni hii hapa. Nikamwonyesha chini ya kava.

Hata spana hakuchukua. Alichuchumaa akaangalia, akasema, "Hapa ni pale inaangukia. Mimi natafuta pale inatokea. Maji ya laga, huu mto wa mchanga, unaona hapa Kakuma, lakini mvua imenyesha kule milimani."

Akachukua petroli kidogo, sabuni na mswaki mkuukuu, akaisugua injini yote, juu, chini, mpaka kwenye vipindo vyake vya chuma. Akapangusa na kitambaa. Jua la Kakuma unalijua, halikopeshi mtu unyevu. Ilikauka tukiwa bado tunatafutana kwa macho. Kisha akaniuliza, "Mama, uko na poda?"

"Poda ya nini?"

"Ya mtoto. Tupake injini. Oili ikitoka, itaandika njia yake."

"Mzee, watoto wangu wameota ndevu. Poda nitatoa wapi?"

Halafu nikakumbuka kwenye mkoba nina chaki za kupimia nguo. Tukazisaga na jiwe, tukanyunyiza injini yote ikawa nyeupe. Mama wa makaa alishika kiuno akacheka.

"Mnaipeleka wapi hiyo? Harusini?"

"Tunaipeleka kuoa," mzee akasema. "Lete mahari."

Akaniambia niende kuelekea Lopur polepole, nisikimbie nikapeperusha chaki, nifike pale mbuzi hunywa maji nirudi. Nilienda. Nakuambia niliendesha kama nimebeba mayai. Wachungaji wa mbuzi walikuwa wanasimama kuangalia mwanamke mzima juu ya pikipiki iliyopakwa nyeupe. Niliporudi tukachuchumaa wote watatu, mama wa makaa akiwa wa kwanza.

Kwenye kava ya ubavu kulikuwa na mstari mweusi juu ya chaki, umeshuka vizuri kama uzi wa cherehani. Nikaruka. "Si nilisema? Si hii hapa!"

"Ngoja. Na hapa kwa mnyororo? Mimi nilifungua hapa?"

"Hapana."

"Na hapa juu, kwa kifuniko?"

Kweli kulikuwa na mistari mitatu, na yote ilikuwa imetoka kwa wakati mmoja. Nikashusha kidole changu.

"Mama, wagonjwa tatu kwa nyumba moja, usiangalie tena wagonjwa. Angalia kisima yenye wanakunywa." Akagonga injini na kidole. "Hii inapumulia wapi?"

Sikujua kama injini inapumua. Yeye alilala chali kwenye mchanga, akaingiza mkono nyuma ya injini, akashika mrija mwembamba wa mpira, akaufuata na vidole mpaka mwisho. Akauvuta nje tuuone. Mwisho wa mrija ulikuwa umekunjwa mara mbili na kufungwa na kitambaa, fundo gumu kabisa.

"Nani alifunga huyu mgonjwa pua?"

Rafiki yangu, lile lilikuwa fundo langu. Kitambaa kilikuwa kitenge cha njano chenye ndege wa kijani, kipande kilichobaki kwa magauni ya kwaya. Turkana nzima hakuna mwingine aliye nacho.

Nikakumbuka vizuri. Siku ile nilipotoka kwa mzee na klachi mpya, njiani nilipigwa na upepo wa vumbi mpaka nikatema mchanga. Nilipofika nyumbani nikaosha pikipiki, nikaona mrija unaning'inia mdomo wazi. Sasa wewe unajua maisha ya huku. Mtungi wa maji tunafunika, sufuria tunafunika, cherehani inalala na shuka yake, hata tundu la ufunguo tunaziba na kitambaa. Mtu aache tundu wazi Lodwar? Niliona mzee amesahau. Nikaukunja, nikaufunga, nikamshukuru Mungu kwa kunipa macho ya kuona.

Nilimwambia mzee yote hayo pale pale, nimeshika kile kitenge. Aliketi kwenye mchanga akacheka mpaka machozi, mama wa makaa akimsaidia. Akanieleza kwamba injini ikifanya kazi inatengeneza pumzi ndani, na pumzi inatokea kwa ule mrija. "Ukifunga pua, itapumulia masikio. Ukifunga masikio, itapasua kichwa."

Akaukata ule mwisho uliokunjika, akauelekeza chini vizuri. Tukaosha tena, tukapaka chaki tena, nikaenda Lopur tena. Nilirudi ikiwa nyeupe vile vile, isipokuwa unyevu mdogo kwenye sili ya mnyororo, na akasema hiyo itaisha. Kazi ya kava aliyofanya haikuwa na kosa hata moja.

Nikamuuliza, "Sasa na yale niliyosema?"

Alikuwa anafuta mikono. Hakucheka hapo. "Mimi natengeneza pikipiki, mama. Mdomo ya mtu sina spana yake."

Nililala kwa mwenyekiti. Jioni tukichambua mboga nikamweleza. Akanionea huruma. "Dada, si lazima ujiaibishe mbele ya watu. Nitasema tu kwamba pikipiki imepona, na jina lake nitalirudisha kwa orodha." Nitakuwa mkweli: nilitaka kukubali. Ingekuwa rahisi sana. Lakini nilipopiga magoti kuomba, kila nikianza naona yule mzee anafuta mikono. Nililisema baya lake kwa sauti, nitasemaje zuri lake kwa kunong'ona?

Jumapili baada ya ibada, kikao kilipoanza, nilisimama kabla hawajafika kwa jambo la fundi. Nikasema, "Bwana asifiwe." Wakajibu. Nikainua kile kitenge, bado kina oili, nikaeleza kuanzia mrija mpaka chaki. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Kwa hivyo oili ilikuwa inavuja kwa sababu ya nini hasa?"

"Kwa sababu ya usafi wangu," nikasema.

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Mpeni mzee kazi, na huyu mama asikaribie pikipiki za kanisa!" Wakapiga makofi, na mwenyekiti akaandika. Wiki iliyofuata nilimkuta mzee anapigilia misumari kwenye mabati. Aliniita nimshikilie upande mmoja.

Sasa nina ombi. Wale niliowaambia mabaya yake ni wengi, na wengine siwajui hata kwa sura. Najua maneno yangu yalifika mpaka Kaikor, kule mbali kaskazini. Siwezi kuwafikia wote peke yangu. Kwa hivyo ukikutana na mtu wa pikipiki, msimulie hii habari yote, na kitenge changu usikifiche. Mwambie ule mrija auache wazi. Na mwambie kuna mzee Kakuma, kando ya ukuta wa kanisa, anajua kazi yake.