Klorini Kwenye Matunda ya Muratina

Nakumbuka siku moja nilipoinusa pombe ya baba mkubwa na kusikia harufu ya wadi ya hospitali. Ilikuwa kwetu Kabiria, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na kosa lilikuwa langu. Juzi uliponipigia simu kuniuliza utumie dawa gani kuua vijidudu kwenye mitungi yako ya kutengenezea bia hapo Hurlingham, nilikujibu kwa mkato kwamba nitafikiria. Sikuwa na la kufikiria, mwanangu. Niliona aibu tu.

Baba mkubwa Ngure, kaka ya baba yangu, ndiye aliyetengeneza muratina ya ukoo wetu. Hakuuza hata kikombe. Watu wetu walipojiandaa kwenda kuposa, walimwambia mapema ili pombe ya kubeba iwe tayari. Wewe wa bia za chupa pengine hujaiona ikitengenezwa: ni asali, maji, na yale matunda marefu ya mwegea yaliyochemshwa na kukaushwa. Hamira imejificha ndani ya matunda hayo. Pombe ikiisha yanaanikwa juani, yanangoja nyingine. Yale ya baba mkubwa aliachiwa na babu yangu, na aliyatunza kwenye gunia safi juu ya dari.

Mimi nilikuwa msafishaji katika hospitali moja ya Parklands, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilikuwa nimefundishwa kupiga deki kwa klorini, basi nikajiona daktari. Nilikagua hata sufuria za mama, naye akanifukuza jikoni kwa mwiko, na alifanya vizuri.

Kaka yangu Karanja alipokaribia kuposa, baba mkubwa aliniomba nioshe pipa na kuyamwagia matunda maji ya moto huku yeye akifuata asali. Nikaona maji ya moto ni mambo ya kishamba. Nikanunua chupa ya klorini, nikaimimina kwenye maji bila kupima, nikayaloweka matunda humo tangu asubuhi mpaka alasiri. Yalitoka meupe. Nikayasuuza mara moja, nikayaanika, nikafurahia kazi yangu.

Pombe ilikataa kuumuka. Baba mkubwa alilisogeza pipa karibu na jiko, akalifunika blanketi lake mwenyewe, akangoja. Siku ya tano akafunua, nami nipo. Hakukuwa na povu hata kidogo, na ile harufu ikanipiga puani nikajua papo hapo nimefanya nini. Alionja, akatema pembeni.

"Haya matunda uliosha na nini?" akaniuliza.

"Maji moto tu, baba mkubwa. Vile uliniambia."

Akanitazama kidogo, kisha akatazama viganja vyake. "Basi ni mikono yangu imezeeka," akasema.

Ningeweza kusema pale pale. Angenigombeza, labda angeninyima chai siku mbili, na mambo yangeisha. Badala yake nikamsaidia kumwaga.

Karanja hakukosa mke. Tulibeba pombe ya mzee mwingine wa Riruta, wakwe wakaisifu, tukacheka na kula vizuri. Baba mkubwa aliketi nasi, akaitikia kwa kichwa walipoisifu pombe ya mwenzake. Baada ya hapo hakutengeneza tena. Waliomfuata aliwaonyesha viganja, akawaambia watafute mwenye nguvu. Aliishi miaka tisa zaidi akiamini hivyo. Nilimtembelea mara nyingi na sukari na majani ya chai, kila mara nikijiambia leo namwambia. Siku niliyokwenda nimekata shauri kweli, nilimkuta kitandani hatambui mtu. Nilimwambia hivyo hivyo, nikilia, naye akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Inaniuma mpaka leo.

Sasa jibu lako. Osha kwanza kwa sabuni isiyo na manukato mpaka utando wote utoke, maana dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kwa mitungi ya plastiki na ya chuma, tafuta ile dawa ya tindikali ya watengenezaji bia, isiyohitaji kusuuzwa ikipimwa sawasawa. Soma kibandiko, usikisie. Ukiikosa, klorini isiyo na manukato itafaa kwa plastiki, kidogo sana, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa. Usiichanganye kamwe na siki wala tindikali. Mvuke wake ni sumu. Na ukirithi kibuyu au matunda ya mzee yeyote, weka chupa zako mbali. Dawa haijui kutofautisha kijidudu cha kukuharibia na hamira ya kukusaidia. Anayepaswa kujua ni wewe, na kama hujui, uliza aliyekukabidhi.

Hayo ya dawa ungeyapata hata dukani. Nililotaka ulisikie kwangu ni hili: ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Usimwache mtu abebe kosa lako akidhani ni uzee wake.

Mungu akubariki, mwanangu, aibariki na kazi ya mikono yako. Na wale unaopaswa kuwaomba msamaha, akuwekee wakiwa hai, na wakutambue utakapofika.